Mfuko wa Vijiti Mlangoni

Nilipokuwa mtoto kambini, huku Kigoma, nilimzuia baba yangu asirudi. Nilimzuia kwa wembe. Cheka ukipenda, lakini niliishi na imani hiyo miaka mingi.

Tulivuka ziwa kukimbia vita. Baba akabaki mjini kwetu Baraka, ng'ambo, akisema atatufuata. Kutoka kambini bila kibali ilikuwa marufuku, kwa hiyo hata kwenda ufukweni Katonga kuwauliza wenye maboti hatukuweza. Tulikaa tu. Ukipika, umekaa. Ukifua, umekaa. Jamani, kukaa kunachosha!

Koko, ndivyo tulivyomwita bibi, akatufundisha desturi ya kwao. Kuna kiwavi anayejishonea mfuko wa vijiti, akatembea nao mpaka siku ya kugeuka nondo, yule kipepeo wa usiku. Unamtundika mlangoni na kumtaja msafiri wako. Nondo akitoka, msafiri yuko njiani.

"Ila msimfungulie," alituonya. "Ukimfungulia, umemfungia msafiri njia."

Nikatundika wetu kwenye nguzo ya turubai. Wa jirani yetu Riziki alitoka nondo mweusi, na kaka yake akafika wiki ileile. Wetu, kimya. Kila asubuhi mama aliutazama mfuko ule kabla hata ya kuwasha moto. Miezi miwili ikapita, uvumilivu ukaniishia. Nikachukua wembe, nikaupasua. Ulikuwa mgumu upande mmoja, kama kuna uzi. Ndani hamkuwa na nondo. Kulikuwa na kitu laini, hakina mbawa, kimejaa mayai.

"Yoo, mtoto weye!" Koko alishika kichwa.

Mama hakunipiga. Laiti angenipiga! Alifukia vile vijiti nyuma ya turubai, akarudi kuchambua maharage.

Baba hakuja.

Nilishaolewa mjini Kigoma ndipo mume wangu, mwalimu wa biolojia, aliponieleza kwamba kwa wadudu wale, dume ndiye huota mbawa. Jike haoti. Hutaga humohumo mfukoni, hufia humohumo. Kumbe hata ningengoja miaka kumi, wetu asingetoka! Nililia kwa furaha, nikapanda gari kwenda kambini kumwambia mama, ambaye bado anaishi pale.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wala si mimi," akasema.

"Wewe tena, mama?"

"Niliufungua kabla yako, mwanangu. Nikaushona kwa uzi, Koko asijue."

Miaka yote ile tulilala mkeka mmoja, mimi na mama, kila mmoja akiamini ni yeye aliyemfungia baba njia.