Nilimsifia Kabula kama ng'ombe wa mnadani

Bariadi nzima hakuna baba mwenye bahati kama mimi. Binti yangu Kabula hana tatizo lolote!

Ndivyo nilivyomwambia daktari wa watoto leo asubuhi.

Shule ndiyo iliyotutuma. Kabula anang'ata wenzake, na bila daktari hawampokei tena.

Dokta akauliza tabia zake za nyumbani. Mimi mtu wa minada, niliyetembea mpaka Dar, nikadaka kila swali kabla mama yake hajafungua mdomo.

"Anakula vizuri! Ana nguvu! Mpole kabisa!"

Si mnajua mnadani Dutwa? Kasoro ya ng'ombe haisemwi, mnunuzi aione mwenyewe.

Dokta akaweka kalamu chini. "Baba Kabula, mimi simnunui huyu mtoto. Nataka kumsaidia."

Mke wangu akacheka. Halafu kicheko kikageuka kilio.

Jamani, nikamgeukia mke wangu.

"Mama Kabula, sema wewe," nikamwambia.

Akasema yote. Kabula anavyojigonga kichwa ukutani. Majirani wanavyodai karogwa.

"Sasa tunaweza kuanza," dokta akasema.

Wazazi mnaoficha kama mimi, mpo? Semeni hapa chini, sicheki mtu.

Ile bahati niliyotamba nayo ni uongo. Mwanangu ana shida.