Mluzi wa Mzee Asgarali

Insiya hutengeneza redio na simu katika chumba kimoja cha Chikongola. Ukimkuta saa nane mchana, jua limekaza na mtaa umenyamaza, utadhani amesinzia. Wapi! Anatazama umeme. Huuona akilini, mwembamba, ukipenya transista mbili na kutoka umenenepa, nao humchukua mbali hata mteja akipiga hodi mara tatu haitiki.

Miezi minne aliota kitu kimoja tu: kikuza sauti cha baba yake. Mzee Asgarali anauza misumari na rangi Mikindani, na masikio yalikuwa yanamtupa mkono. Alishasema kwamba Idi ikifika naye bado hawasikii wateja, atafunga duka akae nyumbani. Insiya aliogopa, maana alimjua baba yake. Akikaa nyumbani, atakwisha.

Akaunda kisanduku kidogo kuliko kiberiti, chenye kidude cha kuvaa sikioni na kutosheka na betri moja ya saa ya ukutani kwa mwezi mzima. Mezani kwake uliweza kusikia nacho mjusi akitambaa ukutani. Kikifika Mikindani, kinapiga mluzi. Kila Ijumaa mzee alikirudisha, akitabasamu kwa haya. Sauti iliyotoka ilikuwa inarudi ilikoingilia, inakuzwa tena, inarudi tena, mpaka inakuwa kelele. Hilo Insiya alilijua. Akafupisha nyaya, akabadili kapasita, akazungushia bati. Mluzi haukukoma. Siku moja alilia kwa hasira.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jumatano akapanda bajaji bila taarifa, akamkuta baba yake dukani, kofia yake nyeupe ya ukingo wa dhahabu imeshushwa hadi chini ya sikio. Ndani ya kofia, kisanduku na kidude cha sikioni vilikuwa vimebanana, kimoja kikimpigia mwenzake kelele.

“Baba! Mbona umekificha?”

“Wakikiona watanionea huruma,” mzee alisema, akishika kofia. “Mimi nauza misumari, Insiya. Huruma siuzi wala sinunui.”

Insiya hakuwa na moyo wa kumvua kofia. Akaketi juu ya ndoo ya rangi, akachukua bisibisi, akapunguza nguvu ya kile kisanduku hadi nusu. Akakirudisha kofiani. Kimya. Kimetulia kabisa.

“Ila sasa utamsikia aliye karibu tu,” alisema taratibu. “Wa mlangoni itabidi wasogee.”

Mzee aliinamisha kichwa. Machozi yakamlengalenga.

“Nimekusikia. Endelea.”

“Niseme nini, Baba?”

“Lolote. Kila Ijumaa nakuja kwako, nawe unazungumza na kisanduku.”

Insiya akaivuta ile ndoo mpaka magoti yao yakagusana, na kwa kuwa hakuwa na la maana, akaanza kumweleza alichokula asubuhi.