Presha kwa Jina la Makokha

Makokha alikuwa mtu wa kushuku. Ukimpa kiti, alikitikisa kwanza. Ukimsifu shati, alijikagua kama limeraruka. Alitoka Butere mwaka wa sabini na tisa akaja kutafuta kazi katika shamba la mkonge nje ya Voi, na miaka kumi na minane mbele ya mashine inayoponda majani na kutema nyuzi ilimfundisha kwamba kinachokwenda vizuri ndicho cha kuchungwa. Ndiyo maana vidole vyake vilikuwa bado kumi, na wenzake wawili walikuwa na pungufu.

Lakini huyo huyo alikuwa akiishi na uwongo mmoja, na aliutunza kama yai.

Mwenye presha alikuwa mkewe, Nanzala. Zahanati ya shamba ilitibu wenye namba ya kazi tu. Wake na watoto walielekezwa hospitali ya mjini, ambako mara nyingi waliandikiwa dawa na kuambiwa wakazinunue. Siku Nanzala alipoanguka bombani na ndoo kichwani, mzee Kituku, mtoa dawa, alimwonea huruma. Akachukua kalamu akaandika: Makokha, presha. Tangu hapo, kila mwezi kwa miaka sita, Makokha alipanga foleni hali yu mzima wa afya, akarudi nyumbani na vidonge thelathini vya mkewe. Karatasi zilitungwa kwenye msumari ukutani, na msumari haumwulizi mtu kitu.

Mwaka wa tisini na saba Kituku alistaafu, akarudi Mghange kulima. Zikaletwa kompyuta mbili: moja chumbani kwa daktari Obadiah, moja kwenye dirisha la dawa kwa dada aitwaye Wakio. Katikati ukapita waya. Daktari alibonyeza huku, dawa ikatokea kule, mgonjwa hakubeba tena karatasi. Zile za msumari nazo Wakio alizinakili kwenye mashine, moja baada ya nyingine, hadi ukabaki ukuta mtupu.

Makokha aliutazama ule waya akauchukia. Dawa ina haja gani na waya? Aliufuata kwa macho mpaka ulipotoboa ukuta, na roho ikamwambia kwamba mwisho wake uko mezani kwa meneja. Haukuwa huko, lakini nani angemshawishi? Siku ya kwanza alipofika dirishani, kabla hajafungua mdomo, vidonge vilikuwa vimeshahesabiwa na kutiwa kwenye pakiti. Akamwuliza Wakio nani amemwambia. Wakio akacheka, akasema mashine inamjua. Neno hilo halikumtoka kichwani wiki nzima. Kituku alimjua pia, lakini Kituku alijua akanyamaza.

Hofu yake haikuwa ya bure, ila ilikuwa ikitazama upande mwingine. Yeye alingoja kushtakiwa wizi wa dawa. Miezi miwili baadaye Obadiah alimwita, akamwonyesha orodha iliyotoka kwenye kompyuta: majina ya wafanyakazi wenye presha wanaosimama mbele ya mashine za mkonge. Mtu wa presha hushikwa na kizunguzungu, na kizunguzungu pale ni mkono kwenda. Wakubwa walitaka wote waondolewe. Wenye umri kama wake wangestaafishwa, na nyumba ya shamba wairudishe mwisho wa mwezi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Aliyebeba maradhi ya mwenzake hawakumsemea lolote. Makokha aliona mtego mtupu. Akisema ukweli, atafukuzwa kwa udanganyifu, na Nanzala akose dawa. Akinyamaza, atatolewa kama mgonjwa, na Nanzala akose dawa vilevile. Butere hawakuwa na hata kibanda. Binti yao Mable alikuwa ameolewa Njukini, na hakuna mzazi mwenye haya anayehamia kwa mkwewe.

Jioni alimweleza mkewe wakichambua maharagwe. Nanzala hakuinua macho.

"Baba Mable, waambie ni yangu," alisema. "Mimi nimeshazoea kuanguka."

Makokha alikasirika, akainuka na kuyaacha maharagwe. Alimpenda, na hakujua njia nyingine ya kulisema hilo.

Asubuhi alisimama mbele ya Obadiah.

"Daktari, hii dawa si yangu. Ni ya mama watoto. Mimi sijameza hata moja."

Obadiah hakuigusa mashine. Alikwenda akafunga mlango, akasema taratibu kwamba hayo hakuyasikia. Kisha akatoa kipimo. Presha ikiwa sawa, ataandika kwamba mzee amepona, arudi kazini, mambo yaishe. Makokha aliushuku hata wema huo, lakini alikunja mkono wa shati.

Obadiah alipima. Akapima tena. Akamwambia akae dakika kumi, akapima mkono wa pili.

"Mzee Makokha," alisema, "dawa ni yako."

Miaka sita uwongo uliandikwa kwa kalamu, ukaandikwa kwa mashine, na humo katikati, hakuna ajuaye lini, ukawa kweli. Obadiah alimwombea kazi ya kuanika nyuzi kwenye kamba, asije akapoteza namba na nyumba. Kuhusu Nanzala hakuwa na la kufanya. Kituku angechota vidonge vya ziada akafumba macho. Mashine ilijua mgonjwa mmoja, siku thelathini, vidonge thelathini.

Nyumbani Makokha aliweka pakiti mezani. Akasema wamempima, yuko mzima, wamemhamishia kwenye kamba kwa sababu ya umri tu. Akammiminia mkewe maji. Nanzala alimtazama usoni. Akaenda jikoni, akarudi na kisu, akaweka kidonge kimoja juu ya kibao, akakikata katikati.

"Nimesema niko mzima," Makokha akasema.

"Nimesikia."

Akamsogezea nusu. Makokha aliitia mdomoni, akanywa maji, akageuka kuelekea mlangoni. Nanzala akamshika mkono.

"Fungua mdomo nione."