Waya wa Kuanikia Kanzu

Munira analima ufuta na korosho huku Mtua, na tangu mumewe afariki hajamwomba mtu hata chumvi. Mwanamke wa namna hiyo, radi ikipiga kwa jirani, ndiye mchawi!

Jumatano ilipiga kwa Faridi. Friji ikaungua, televisheni ikaungua, soketi zikatoa moshi. Faridi akasimama barabarani akipayuka kwamba radi imetumwa na Munira, eti kwa sababu mbuzi wake walipokula mihogo ya Munira, mama wa watu alimwambia, "Mungu anakuona." Na watu wazima na akili zao wakaitikia! Mganga akaitwa kutoka Chunyu.

Munira hakulia. Kesho yake alimfuata Awadhi, fundi aliyefunga umeme nyumba ile. "Twende ukaikague kazi yako mbele ya watu."

Awadhi alizunguka nyuma ya nyumba, Faridi na majirani wakimfuata. Pale ukutani alikuwa ameshusha waya mnene wa shaba hadi ardhini, ethi, ili nguvu ya radi ipite humo iishie chini. Kilikuwa kimebaki kipande tu.

"Nani kaukata?"

Munira alikuwa ameshauona waya uliokatwa, umefungwa kutoka mpapai hadi kona ya choo, na kanzu ya Faridi imeanikwa juu yake.

Aliing'oa kanzu akamtupia Faridi kifuani.

"Kesho Ijumaa, Baba Imrani. Ivae. Halafu uwaambie msikiti mzima, radi kaileta nani?"