Maharage ya Chini ya Gunia

Mimi nauza vitenge mtaa wa Asiatique, na mtu anayeuza vitenge hana haya ya kuomba. Ndiyo maana wanawake wa kanisa letu walipoanzisha jiko la kuwapikia watu waliotolewa Kajaga na maji ya ziwa, kazi ya kutafuta maharage niliangushiwa mimi. Kila Ijumaa nilizunguka maduka ya jirani zangu, mpagazi nyuma yangu na mkokoteni wake. Wafanyabiashara wa mtaa wetu si wachoyo, nisiwasingizie. Lakini mtu akikutolea gunia la sadaka, ujue ni lile lililokaa chini ya mengine, lililoonja unyevu na kuonja panya. Nilijua. Nilisema merci, nikapakia.

Jiko lenyewe lilikuwa uani kwa kanisa: mafiga, masufuria makubwa, na chumba kidogo cha kuwekea unga, chumvi na mafuta. Masufuria na mchele vilitoka kwa mama mmoja wa Kiriri, mtaa wa wenye fedha, ambaye alikuwa ameishi Ulaya hadi akazeeka huko, kisha akarudi. Alikuwa na moyo mzuri na mdomo mkavu. Sharti lake lilikuwa moja: chakula kiliwe palepale, mezani, tuwaone watu. Anayebeba chakula, alisema, anakwenda kukiuza. Basi akanunua meza ndefu na benchi, na sahani za plastiki za rangi kama za sherehe ya watoto.

Watoto walikula, tena wakaramba sahani. Watu wazima walikaa. Kwetu mtu mzima halili mbele ya watu asiowajua. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno, tumekua tukiona hivyo. Mama yangu, akikutwa njiani anatafuna kitu, alikuwa radhi akiteme. Sasa weka watu wazima kwenye benchi, wageni mbele yao, na mama wa Kiriri amesimama mikono kiunoni anawatazama midomo. Kila mmoja alichota kijiko kimoja cha heshima, akaisukuma sahani kwa mtoto wake. "Nimeshiba." "Nimetoka kula sasa hivi." Wameshiba! Watu nguo zinawavuka!

Kati yao alikuwako mwanamke ninayemfahamu. Kabla ya maji, alikuwa akiniletea ndagala kutoka Kajaga, beseni kichwani, na ukijaribu kumpunguzia bei alifunika samaki wake akaondoka bila kukuaga. Nilimpenda kwa hilo. Sasa nyumba yake ilikuwa ndani ya maji, mumewe alikwenda kutafuta kazi ng'ambo, Uvira, akanyamaza kimya, na yeye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Nilimwona akimtoa mtoto kumnyonyesha. Mtoto alivuta, akaachia, akalia, akavuta tena.

"Maziwa yanakatika," alininong'oneza mpishi mmoja. "Halili huyu."

Nikamwendea. "We dada, kula. Kula, mutoto apate."

"Mi nimekula, mama," alisema, na sahani yake imejaa.

Siku hiyo niligombana na mama wa Kiriri mbele ya masufuria, naye akanigombeza vilevile. Nilimwambia awaache watu wakale kwao. Akaniambia mimi ni mfanyabiashara na bado sijui watu. Nikamwambia watu nawajua kuliko yeye. Nilimshinda kwa kelele, nadhani. Nikawakumbusha wenzangu vile vikapu vyetu vya kifuniko chenye ncha, tunavyopelekea zawadi za harusi. Nani kati yetu hana viwili vitatu juu ya kabati? Mtu akipita barabarani na kikapu kama hicho, jirani anajua ametoka kumtembelea ndugu yake na amepewa kitu. Kuna nini ndani? Hakuna anayeuliza, ni kukosa adabu. Tutie humo bakuli la wali na maharage, tufunike, mtu aende kwake na heshima yake.

"Mutaona," alisema mama wa Kiriri. "Mutapoteza chakula na vikapu pia."

Siku ya kwanza ilikuwa furaha. Watu walitoka langoni wima, vikapu vimefunikwa, wakiagana kama watu waliotoka kwenye ubatizo. Yule muuza ndagala alikipokea chake kwa mikono miwili. Nilirudi dukani kichwa kimevimba.

Tulipopika tena, walikuja watoto tu. Mkubwa hata mmoja hakuja, na kikapu hata kimoja hakikurudi. Mara iliyofuata, vilevile. Wali ulipoa masufuriani. Mama wa Kiriri alitazama pale mahali patupu, akavaa miwani yake ya jua, akasema kwa upole uliouma kuliko matusi, "Bon. Basi mimi nitasimamisha kwanza." Mungu wangu! Niliona aibu, halafu hasira zikapanda. Kikapu changu kimoja, kile alichopewa muuza ndagala, kilikuwa cha harusi ya dada yangu. Nikafunga duka mapema, nikaenda Buyenzi kukitafuta.

Muuza ndagala alikuwa amepewa chumba uani kwa watu. Nilifika nimejiandaa kusema, na mimi nikijiandaa nasema kweli. Mlango ulikuwa wazi. Kitu cha kwanza nilichoona ni kikapu changu, kimening'inizwa kwenye msumari, kimefutwa vumbi, kifuniko chake juu. Cha pili ni mtoto. Alikuwa amepungua. Hata kilio chake kilikuwa kidogo.

"Sasa we," nilianza, "chakula kiko pale, na kikapu kiko hapa. Unatutafutia nini?"

Aliinuka akanipa kigoda, akabaki amesimama. "Mama, nitairudisha namna gani, iko tupu?"

Nikakaa. Sisi wote uani pale, wanawake wazima tuliolelewa na mama zetu, tulikumbuka nusu ya desturi tukasahau nusu. Kikapu cha zawadi hakirudishwi kitupu. Unatia hata viazi viwili, hata limau. Tulikuwa tumewapa watu wasio na kitu deni la adabu, halafu tukawasubiri langoni. Na hawa walikuwa radhi kulala njaa kuliko kuja mikono mitupu.

"Tia majivu," nilisema haraka. "Tunasugulia masufuria. Kweli, tunayataka sana majivu."

Alitazama mbabula yake ya makaa, baridi kwenye kona, kisha akanitazama mimi. "Mama, majivu inatoka kwa moto."

Mimi! Machozi yalinijia nikajifanya nafukuza nzi.

Ndipo nilipokishusha kikapu changu, nipate tu kitu cha kushika, nikasikia kitu kinacheza ndani. Akanyoosha mkono kunizuia. "Apana, mama, usifungue." Nilikuwa nimeshafungua. Kulikuwa na kipande cha jani la mgomba, na juu yake vijiwe, safi, vimeoshwa.

"Hii nini?"

Nikaona ile sura ya zamani, ya siku za beseni, ikirudi kidogo usoni mwake. "Ni yenu. Ilikuwa mu maharage. Kidogo inivunje jino. Nilisema ngoja nirudishe, halafu nikaona haya, huwezi kumurudishia mutu mawe."

Nilicheka. Nilicheka hadi mwenye nyumba akachungulia. Hata yeye alicheka, kiganja mdomoni. "Unarudisha," nilimwambia. "Tena haya haya. Na kesho unakuja mwenyewe kutuchagulia hayo maharage, maana wale wapishi wetu hawaoni."

Jioni hiyohiyo nilipita Asiatique na kikapu changu. Niliingia duka moja baada ya jingine, nikafunua kifuniko mbele ya wateja. "Sadaka yenu hii. Imerudi." Mmoja aliapa kwamba mawe yale si ya gunia lake, jirani yake akamwambia anayatambua, yana sura yake. Walicheka, wakanuna, lakini lile gunia walilonipa lilitoka juu. Mama wa Kiriri nilimweleza yote kwa simu. Akauliza, kwa Kirundi cha nyumbani safari hii, kwa nini hatukumwambia, na mchele ukatoka tena. Na neno lilipozunguka kwamba jiko linataka majivu na majani, vikapu vilianza kurudi: matembele yaliyochumwa kando ya mfereji, majivu ya kuazima, limau moja kavu.

Muuza ndagala alikuja kesho yake asubuhi, mtoto mgongoni, ungo wake mkononi, ule aliopepetea ndagala Kajaga. Alikaa nyuma ya jiko akachagua maharage yote bila kusema na mtu. Wapishi hula hukohuko nyuma, kwa sinia moja, wakimaliza kupakua. Wenzangu walikuwa bado mbele, kwa hiyo sinia ililetwa, tukawa mimi na yeye.

Niligeuka upande, nikajifanya natazama ukuta, nimpe nafasi. Nilisubiri. Kisha nikasikia, "Mama, we hauli?"

Nikageuka. Mkono wake ulikuwa tayari ndani ya sinia. Alikula akinitazama usoni, bila haraka, mtoto akimvuta kifuani, na alipomeza akasema chumvi imepungua.