Nililia, Wakanipigia Makofi

Nianze na la aibu, likishapita tuongee vizuri. Mimi, mzee mzima mwenye wajukuu, nililia mpaka kamasi mbele ya darasa la watu wenye digrii zao, wakanipigia makofi. Wiki iliyofuata wakaniomba nilie tena kwa ajili ya kundi la pili. Nikalia. Mimi nimestaafu, lakini hasira ya siku zile haijastaafu.

Kazi yenyewe niliipata kwa kuonekana sina kazi. Nilikuwa nimeajiriwa kufyeka majani na kumwagilia maua katika chuo kimoja upande wa Matogoro, hapa Songea. Shule niliishia kidato cha pili; kidato cha tatu kilinisubiri mpaka kikachoka. Siku ya kwanza kazini nilikuwa nimeegemea fyekeo langu, najifanya naangalia mawingu kule milimani kama mtu wa hali ya hewa, akatokea mama mmoja mwenye miwani, anatembea haraka. Nikampa shikamoo ya woga, maana nilijua nafukuzwa kabla hata ya chai.

“Marahaba. Wewe baba, unaweza kuwa na matatizo?”

“Mkuu, hilo ndilo pekee ninaloliweza.”

Alikuwa Mratibu wa stashahada ya uzamili ya unasihi. Unasihi, kwa wasioujua, ni kazi ya kumsikiliza mtu mwenye shida mpaka aanze kuona mwenyewe pa kupita. Anayesikiliza ni mnasihi. Anayesikilizwa wanamwita mteja, hata kama hanunui kitu. Wanaoisomea kwa ngazi ile ni watu wazima wenye digrii tayari: walimu, manesi, mapadre, maofisa ustawi wa jamii. Kabla hawajaachiwa watu wa kweli wanafanya mazoezi na mteja wa kuigiza, na siku ile mteja wao hakutokea. Mratibu akaangaza macho uwanjani, akaona sura yangu, akaridhika.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu miaka yote. Asubuhi nafyeka, baada ya chai nanawa mikono, naingia darasani nina ndoa inayovunjika. Nimekuwa mlevi wa Madaba. Nimekuwa mkulima wa tumbaku wa Namtumbo aliyegombana na ndugu zake kwa ajili ya shamba. Siku moja nimekuwa hata mjane, nimejitanda kitenge cha mpishi wa chuo, na padre mmoja akanipa pole ya dhati kabisa. Kuna ufundi wao mmoja unaitwa kuakisi: mteja akisema amechoka, mnasihi anamrudishia, “Nakusikia unasema umechoka.” Mwanzo nilidhani hawasikii vizuri, nikawa napaza sauti.

Jioni nikitoka napitia getini kwa rafiki yangu Athumani, mlinzi wetu, mtu wa Tunduru. Namsimulia shida niliyoitunga siku hiyo, naye anacheka mpaka anatafuta pa kukaa. Asiponiona mapema ananiita mwenyewe, “Bwana Komba, leo umeachwa na mke wa ngapi?”

Mratibu yule alikuwa na sharti moja ambalo halikupindishwa hata siku mvua inavuja darasani. Igizo likiisha ananisimamisha mbele ya wote, ananiuliza jina langu mwenyewe, na leo kwangu tunakula nini. Hilo waliliita kuvua uhusika, yaani kumwacha yule mtu wa kutunga palepale kwenye kiti. Nami najibu: mimi Bosko Komba, leo ni ugali na dagaa wa Nyasa, kama mke wangu hajabadili mawazo. Darasa linacheka, natoka mwepesi. Siku moja nikamwambia huo ni upotezaji wa muda, mimi jina langu nalijua. Akaniambia, “Mwili haujui kama ni igizo, baba. Sikuachii uende nalo nyumbani.”

Alipostaafu akaja Mratibu mwingine, Daktari wa vitabu, siyo wa sindano. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na wanafunzi walikuwa wameongezeka. Akaona yale ya jina na ugali yanakula kipindi, akayafuta. Hakuna aliyepinga. Mimi mwenyewe nilifurahi kuwahi kurudi kwenye maua yangu.

Sasa nyumbani. Mke wangu, Mama Agnesi, alikuwa ameanza kusahau. Mwanzo chumvi, halafu njia ya kisimani, halafu majina ya wajukuu. Asubuhi moja nimetoka kuchota maji, naingia kwangu na ndoo, akanipokea kwa heshima zote. “Shikamoo, mzee. Mwenye nyumba hayupo, lakini karibu ukae, anarudi sasa hivi.” Akanifutia kigoda. Nikakaa. Nikajisubiri.

Siku hiyohiyo darasani nilipewa niigize mzee mpweke. Nesi mmoja kijana ndiye aliyekuwa mnasihi. Akaniuliza kwa upole, “Nyumbani mkoje, baba?” Nilikuwa nimetunga hadithi nzuri ya mzee aliyesahauliwa na watoto wake waliohamia mjini. Nilipofungua mdomo ikatoka ile ya kigoda. Nikasema jinsi ninavyobisha hodi kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe, na kwamba usiku ananiogopa, kwa hiyo nalala jikoni. Nikasema sijui nitamwachaje peke yake nikienda kazini, na nisipokwenda sijui tutakula nini. Nesi akaakisi: “Nakusikia unasema mkeo hakufahamu tena.” Hapo nikalia.

Na wao makofi. Daktari akasimama, akawaambia wanafunzi waangalie bega langu lilivyoshuka, waangalie nilivyokosa pa kuweka mikono. “Hongera, Mzee Komba. Huyu ndiye mteja.” Nesi akapewa maksi nzuri. Halafu kengele ikalia, wakaenda kunywa chai.

Mnaniuliza kwa nini nilikubali kurudi wiki ya pili. Nilirudi kwa sababu nilidhani kati ya wote wale, safari hii atakuwepo mmoja wa kuniuliza: baba, haya ni kweli? Watu wamesomea kusikiliza, jamani. Wana digrii, na juu ya digrii wanaongeza nyingine, yote ya kusikiliza. Nikalia palepale nilipolilia mwanzo. Wakaandika. Wengine walicheka kidogo nilipofika kwenye kujisubiri, na siwalaumu, hata mimi ningecheka. Hakuna aliyeuliza. Kama angekuwepo yule mama wa miwani, angenisimamisha tu aniulize leo kwangu tunakula nini, na ningeshindwa kumjibu, kwa kuwa Mama Agnesi hakuwa anakumbuka tena kupika. Kila mtu angejua hapohapo.

Nikaenda ofisini kwa Daktari, nikamwambia yale ya mke wangu ni ya kweli.

Akaweka kalamu chini. “Yote?”

“Yote.”

“Pole sana, mzee. Ungetuambia.” Nikaona anafikiri, nikapata tumaini. Halafu akasema, “Unaonaje ukija naye siku moja? Wanafunzi hawajawahi kuiona hali kama hiyo kwa karibu. Wangejifunza sana.”

“Daktari,” nikamwambia, “mke wangu siyo ubao wa darasani.”

Nikatoka, nikachukua fyekeo, nikafyeka mbele ya dirisha lake mpaka na maua ambayo hayakuwa na kosa. Sikuingia tena darasani mle. Waliniita mara nyingi. Nikawajibu kwamba sina tena matatizo.

Ninyi vijana mnaosomea unasihi leo, nasikia mna vyumba vizuri na viti vya kuzunguka. Hongereni. Kuakisi mtaakisi, na kukaa kimya mtafundishwa kukaa kimya. Lakini yule mtu anayelia mbele yenu, awe wa kuigiza, awe wa kutumwa, awe mfyeka majani, hamwezi kumpigia makofi mkaenda kunywa chai. Muulizeni jina lake. Muulizeni anakula nini leo. Hilo halihitaji uzamili, na mimi nalala na hasira kwa sababu lilikuwepo, lilikuwa sharti, na mtu alilifuta kwa ajili ya kubana kipindi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Mama Agnesi alishinda getini kila siku, kwenye kiti cha mlinzi, anawakaribisha wageni wa chuo kama wamekuja kwake. Hilo halikutoka kwa Daktari. Jioni ile niliyotoka ofisini kwake nilipita getini bila kusimama. Athumani akanifuata mpaka barabarani, akanishika mkono.

“Bwana Komba, ukiwa na shida ya uongo huwa huachi kunisimulia. Hii umepita nayo wiki mbili, kimya. Ni ya kweli, siyo?”

Nikamweleza yote palepale, tumesimama. Hakucheka popote.

“Kesho mlete shemeji akae na mimi hapa getini wakati unafyeka,” akasema. “Wewe umeishi naye sana, ndiyo maana inauma. Mimi hanijui, hana cha kunisahau.”