Lekishon Hachagui Lugha kwa Sifa

Naweka dau la kreti ya soda hapa: hakuna atakayeniamini. Kuna Mmasai wa Mikumi anachagua lugha za kompyuta kama baba yake anavyochagua dume la ng'ombe. Nimeshuhudia mimi Anselmi, niliyeishia darasa la tano kwa sababu walimu walishindwa kunifikia.

Mmasai huyo, Lekishon, ndiye aliyetuandikia sisi wakulima mfumo wa zamu za kuvuna miwa hapa Kidodi, kwa lugha inaitwa PHP. Zamu yako ikifika, simu inalia, unachoma shamba majani yaishe, lori linakuja. Zamu ikivurugika na umeshachoma, miwa inakaukia shambani huku unaiangalia.

Mwaka huu akaja Ditram, fundi mwingine wa kompyuta kutoka Morogoro, viatu vimechongoka. PHP imekufa, anasema, tumpe yeye kazi aandike upya kwa lugha mpya, Rust. Lekishon kimya. Nikamshuku papo hapo. Mtu anayejua kitu hanyamazi, niangalieni mimi.

Kwenye kikao cha wakulima nikamrushia: "Lekishon, sema ukweli. Hiyo mpya huijui, unaogopa kunyang'anywa kazi."

"Shikamoo kwanza, kaka Anselmi."

Watu wakacheka. "Marahaba. Haya, jibu."

"Nyumbani hatununui dume kwa kuangalia nundu. Tunauliza ndama wake wako wapi." Akamgeukia Ditram. "Nipe namba ya mtu uliyemwandikia mfumo miaka mitatu iliyopita."

Ditram akaanza kufuta miwani. Mwenyekiti wetu, mama Joha, akamkazia macho mpaka akamtaja mwenye ghala mmoja wa Masanze. Simu ikapigwa, ikawekwa spika.

"Ditram? Mfumo ulikuwa mzuri. Ulipoharibika nikampigia, akasema lugha ile ameshaiacha, nitafute mwingine. Sasa natumia daftari."

Nikawaza labda Lekishon kapanga na huyo mwenye ghala. Ila aliyemtaja si Ditram mwenyewe?

Mama Joha akasema kazi inabaki kwa Lekishon. Mimi roho haikutulia. Nikamfuata nje, nikamwambia afungue kompyuta. Akanionyesha mfumo wa kuhesabu ng'ombe wa baba yake, kauandika kwa Rust tangu mwaka juzi, na unafanya kazi.

"Ni nzuri sana, kaka. Naisoma kila Jumapili nisiisahau. Ila nikiugua, Lea wa pale stendi anaweza kurekebisha PHP. Hii nyingine hapa nani ataigusa?"

Nilisema haijui. Nilikosea.